Ngamia wa Mamajusi

Meja alikuwa na jino linalomuuma, na mtu mwenye jino bovu hapendi maelezo marefu. Alibana karafuu kwa ulimi, akaisukuma mpaka penye maumivu, akasema shavu likiwa limemvimba kama aliyeficha limau:

"Mwizi ni wako, Inspekta. Shifta ni wangu. Mimi na wewe hatuna sababu ya kugombana."

"Hatuna, Meja."

"Magari yanaondoka baada ya alasiri. Kabla ya hapo, ukiniletea sababu ya kumwita huyu kijana mwizi, mchukue, mpeleke kwa hakimu wako. Ukiniletea sababu ya kumwita mtu mwema, mchukue vilevile, arudi kwa mama yake. Usiponiletea kitu, anakwenda nasi."

"Anakwenda wapi?"

Meja alihamisha karafuu upande wa pili, na hilo ndilo lililokuwa jibu.

Inspekta Dokata Elema alivaa kofia yake akageuka. Sakafu ya ofisi ile ilikuwa udongo uliopigwapigwa, na mbele ya meza palitandazwa ngozi ya ngamia, nzito, ambayo harufu yake haijaisha, upande wa shingo umeingia chini ya meza, kuelekea kiti cha Meja. Aliikanyaga alipoingia, akaikanyaga tena akitoka, na mawazo yake yalikuwa kwingine.

Mwaka ule wa 1966, katikati ya vita vya shifta, waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya, Garissa ulikuwa mji wa kuulizwa maswali. Unatoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini, huyu ni nani wako. Mapema wiki hiyo, kwenye kizuizi cha mtoni, askari walikuwa wamesimamisha lori la Korane, mfanyabiashara wa ngozi, likielekea Nairobi. Chini ya ngozi za mbuzi wakakuta ubao uliofungwa kwa gunia, na ndani ya gunia picha ya rangi: Mariamu, mtoto Yesu, na Mamajusi, wale wajuzi wa nyota waliokuja kutoka mashariki na zawadi zao. Korane, ambaye alipenda kufika nyumbani salama, alimtaja aliyempa mzigo kabla hajaulizwa mara ya pili. Ni Awil Hirsi, seremala wa misheni. Na Awil alipokamatwa akasema jambo lililowachekesha askari wote.

"Ni yangu. Nimeichora mwenyewe."

Msomali, Mwislamu, seremala wa kutengeneza madawati, achore Mariamu? Walicheka mpaka walipofika misheni, wakakuta picha ileile imetundikwa ukutani kanisani. Hapo kicheko kikakatika. Ikasemwa kwamba Awil ameiba picha ya kale iliyotoka Italia, akatundika bandia mahali pake, na ile halisi ilikuwa inapelekwa kuuzwa ili bunduki zinunuliwe.

Hicho ndicho kitendawili alichotegewa Dokata. Mapacha wawili, mmoja amemzaa mwenzake. Yupi mama, yupi mtoto? Ikiwa picha ya lorini ni mtoto, basi Awil alikuwa akisafirisha mali yake na hana kosa. Ikiwa ni mama, Awil ni mwizi wa kanisa.

Kijana mwenyewe alifungiwa chumba cha bati nyuma ya bohari la mafuta. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kucha zake zilikuwa na rangi ya kijani ambayo sabuni ya misheni haikuiweza.

"Assalaam aleikum, Awil."

"Wa aleikum salaam, Afande."

"Umekula?"

"Nimepewa uji. Una mchanga, lakini ni mchanga wa kwetu."

Dokata alichuchumaa mbele yake. "Ile picha ulikuwa unaipeleka wapi?"

"Kampala. Kuna chuo kinafundisha watu kuchora. Padre aliniambia wanataka kuuona mkono wa mtu kabla hawajamwita. Sasa mkono sikuweza kuukata nikautuma. Nikatuma picha."

"Nakuamini. Lakini Meja hawezi kula imani yangu. Wewe uliyechora utajua tofauti. Kuna mahali lazima mkono wako ulimwacha yule Mtaliano. Niambie ni wapi, nikaonyeshe, ulale kwenu leo."

Awil alitazama kucha zake. Alianza kufungua mdomo, kisha akauliza jambo jingine kabisa.

"Afande, wewe ni mtu wa wapi?"

"Wajir."

"Kwenu mna ngamia?"

"Walikuwapo. Vita vimewamaliza."

Kijana alifumba macho, kama mtu aliyepelekewa habari ya msiba. Alipoyafumbua sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Basi niandike mwizi."

"Nini?"

"Niandike mwizi. Andika nimeiba, nitatia dole gumba. Mwizi akifungwa, mama yake anajua siku ya kutoka."

"Umeiba?"

"Wewe andika tu, Afande."

Hakumpata tena. Alimbembeleza, akamkemea, akamtajia mama yake. Awil aligeukia bati. Dokata alitoka juani moyo ukiwa mzito. Katika kazi yake yote ya polisi alikuwa amewasikia wezi wakijiita watu wema, na hakuwahi kumsikia mtu mwema akiomba aitwe mwizi. Akajiambia, huyu ameiba na amechoka kubeba. Alilikubali wazo hilo shingo upande, lakini alilikubali.

Nje ya geti, kwenye kivuli chembamba cha magunia ya mchanga, alikaa Qali, mama yake Awil, na kibuyu cha maziwa mapajani. Alikuwa akiuza maziwa pale mjini tangu Awil ananyonya, na Kiswahili chake alikiokota sokoni, kipande hapa kipande pale.

"Afande! Wewe umetoka kwa mtoto yangu? Amekunywa maziwa?"

"Bado, mama."

"Askari wanasema maziwa haingii. Nimewaambia, waryaa, kunyweni nyinyi, lakini mmoja apeleke nusu. Wakakunywa yote. Hii ni ingine nimeleta." Akacheka peke yake. "Haye. Watoto za watu pia wana njaa."

"Nenda nyumbani upumzike. Nitakuletea habari."

"Nyumbani iko nani? Mimi nikingoja nachoka, nikichoka najitegea vitendawili, na majibu yote najua mwenyewe. Hakuna raha. Wewe jibu moja ndio uende. Kitendawili!"

Muda ulikuwa unayoyoma, lakini kuna watu hawakatiki kauli. "Tega."

"Shingo yake inafika chini ya ardhi, mdomo yake ni ngozi, tumbo hana."

"Kamba ya kisima na ndoo yake."

"Eh! Mtu ya Wajir huyu." Alimpiga Dokata mguuni kwa furaha. "Ungeshindwa ningekudai mji."

"Mji gani?"

"Garissa. Kwa nini niende mbali? Mbuzi zangu ziko hapa."

"Mama, ulijua Awil anachora?"

Furaha ikapungua kidogo usoni. "Nilijua, nikamkataza. Nikasema, Awil, kitu yenye roho usichore. Siku ya kiyama utaambiwa, haya, ipulizie pumzi, na wewe utaweza wapi? Akasema, hooyo, ni kazi ya kujifunza, mimi siabudu. Nikasema nionyeshe basi. Akanionyesha. Wale watu sikuwaangalia, wallahi. Niliangalia mnyama tu."

Dokata alimwacha hapo, akapanda Landrova na ile picha ya lorini ikiwa imefungwa blanketi kiti cha nyuma.

Padre Anselmo alikuwa mzee wa Kiitaliano aliyekausha ujana wake wote Garissa. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, la kulia limefunikwa kabisa, la kushoto linaona mwanga na vivuli. Ndiyo maana Meja hakutaka ushahidi wake. Alipoulizwa picha halisi ni ipi, Padre alisema ni ile ya ukutani, kwa kuwa iko ukutani.

Waliishusha wakazilaza mbili juu ya meza ya kanisa, ubavu kwa ubavu. Dokata alianza na mgongo, kama anavyoanza mpelelezi yeyote, maana uso hupakwa lakini mgongo husahauliwa. Akapinduapindua. Mbao zote mbili zilikuwa za kale, zimetobolewa na wadudu.

"Hapo hutapata kitu," Padre alisema. "Nilimpa Awil mbao za kasha langu la mavazi. Kasha lilitoka kijiji kilekile na picha. Huenda ni mti mmoja."

"Na hii mipasuko ya rangi?"

"Jua. Garissa haichagui. Imezizeesha zote."

Basi akazigeuza zikatazama juu. Wakasimama, mmoja anaona na haelewi, mwingine anaelewa na haoni.

Ilikuwa picha ya ajabu. Mariamu alikuwa na shingo ndefu na vidole virefu kama vijiti vya mswaki, na kichwa kidogo kilichoinama kama kinasikiliza jambo nyuma yake. Mtoto alikuwa mkubwa mno kwa mapaja yale, anateleza. Mamajusi walijipindapinda kama nguo inayokamuliwa. Rangi zilikuwa za mtu mwenye homa: waridi la ufizi, kijani cha nyongo, manjano isiyoiva. Nyuma yao palikuwa na ngazi ya mawe inayopanda, ikaishia hewani.

"Padre, huyu mchoraji alikuwa mzima?"

Padre alicheka. "Alizaliwa amechelewa, hiyo ndiyo homa yake. Mabwana wakubwa walikuwa wamekwisha kuchora kila kitu sawasawa, kila mwili na kipimo chake. Vijana waliokuja nyuma wangefanya nini? Wakachukua alichofanya bwana mkubwa, wakakivuta. Shingo ikavutwa, mwili ukapindwa. Kwetu tuliwaita watu wa *maniera*, watu wa namna, kwa sababu hawakuchora vitu. Walichora namna ambayo wengine walichora vitu."

"Waliiga."

"Waliiga na kuongeza chumvi. Nipe mkono wako." Alichukua kidole cha Dokata akakitembeza hewani juu ya picha, kwa kumbukumbu. "Mzee aliyepiga goti na mgongo wa misuli, huyu ametoka kwa Michelangelo, mgongo huo uko Roma. Mariamu anavyoinama ametoka kwa Raffaello, ila shingo imevutwa. Magofu na majani makali haya yametoka kwenye chapa za karatasi za Mjerumani Dürer, zilizokuwa zikiuzwa sokoni kama kalenda. Awil alizijua zote. Nilimwambia, usichore picha, chora hao wazee walio ndani ya picha, mmoja mmoja."

"Na hawa ngamia hapa nyuma?"

"Ah." Padre aliachia kidole. "Hao hawana baba. Mchoraji alikuwa hajamwona ngamia maishani. Alimtoa kwa mtu aliyemchora kwa kusimuliwa, na huyo naye alisimuliwa na mwingine."

Dokata aliinama. Aliitazama kwanza picha ya ukutani. Pale juu kabisa, nyuma ya bega la Majusi wa tatu, ngamia mmoja alikuwa amepiga magoti. Dokata akakodoa. Kisha kicheko kikamtoka, kicheko cha mtoto wa boma, mpaka njiwa wakaruka kwenye paa.

"Kuna nini?"

"Padre, mnyama huyu ana kwato! Kwato kama za farasi! Na amekunja miguu ya nyuma kwanza. Ngamia akikaa hivi anaanguka kinyumenyume na mzigo wote. Na hii nundu, imewekwa mgongoni kama gunia la sukari lililosahauliwa."

Akahamia picha ya lorini. Watu walikuwa walewale, ngazi ileile ya kuishia hewani. Lakini ngamia! Huyu alikuwa amekunja miguu ya mbele, amekaa juu ya sugu ya kifua, mguu laini, mpana, umetandazwa kwenye mchanga kama chapati. Mdomo wa juu umepasuka unavyopaswa. Jicho lilikuwa limefumbwa nusu kwa dharau ile ya ngamia anayengoja wanadamu wamalize upuuzi wao. Na shingoni, upande wa kushoto, palikuwa na alama ndogo ya moto: mstari uliosimama, na ndoano juu yake.

Dokata aliinama zaidi. Alikuwa hajamwona ngamia mzuri hivyo tangu wa baba yake walipochukuliwa.

"Amemchora kweli," alisema taratibu. "Kila kitu kingine aliiga, na hapa hakuweza. Mkono ulimkatalia kuchora ngamia wa uongo. Na alipomaliza akamtia alama. Unajua kwa nini, Padre? Kwa sababu kwetu ngamia asiye na alama si wa mtu. Ni mpotevu, au ameibwa. Hakuna mchungaji angemwacha ngamia wake akae mbele ya wageni hivyo, hana mwenyewe."

"Kwa hiyo ya lorini—"

"Ni yake. Ya ukutani ni ya Mtaliano. Hakuiba hata msumari."

Padre alijishika kwenye meza, akajikalisha benchi. Jicho lililoona mwanga na lile lililofunikwa yote yalitoa machozi sawa.

Njiani kurudi kambini jambo moja lilimgusa Dokata, likapita. Kwa nini kijana alifumba macho aliposikia Wajir? Kwa nini hakusema tu, nenda ukatazame ngamia? Lakini jua lilikuwa limeinama, magari ya jeshi yalikwisha kuwashwa, na furaha nayo ina kelele zake. Getini alipunguza mwendo akatoa kichwa dirishani.

"Mama Qali! Chemsha chai!"

Mama alisimama ghafla, kibuyu kikamponyoka nusura kimwagike.

Meja alisikiliza akiwa amesimama. Dokata aliziegemeza picha zote mbili ukutani mwa ofisi, akaeleza taratibu kama anavyoeleza mbele ya hakimu: mbao, mipasuko, wazee waliomo ndani ya picha, na mwisho kabisa ngamia. Akaonyesha kwato. Akaonyesha magoti. Alieleza vizuri, na baadaye jambo hilo ndilo lililomuuma zaidi, jinsi alivyoeleza vizuri.

"Huyu hajawahi kuona ngamia," Meja alirudia, akigusa ya kwanza. "Na huyu amekulia nao."

"Ndiyo."

"Mimi ni mtu wa mahindi, lakini hata mimi naona. Kazi safi, Inspekta." Meja alitabasamu na lile shavu lake, mara ya kwanza siku hiyo. "Kwa hiyo si mwizi."

"Si mwizi."

"Na hii shingoni ni nini? Kidonda?"

"Ni alama, Meja. Huo ndio muhuri wa ushahidi wote. Kila ukoo na alama yake, wanachoma ngamia kwa chuma cha moto. Mtaliano asingeijua. Hii ni alama ya kwao Awil, alama ya ukoo wa baba yake."

Meja aliacha kutafuna karafuu.

Alizunguka meza, akaishika kwa mikono miwili, akaivuta nyuma. Mguu wa meza ukaburuza kwenye udongo, na chini yake ikajitokeza shingo ya ile ngozi ya ngamia. Manyoya yalikuwa yamelala, ila mahali pamoja hayakuota. Palikuwa na mstari uliosimama, na ndoano juu yake.

Nje, injini zilikuwa zinanguruma.

"Tuliwapata karibu na Habaswein," Meja alisema. Hakupaza sauti, hakufurahi. "Msafara. Risasi zilikuwa chini ya sukari. Walipoona tumewaona walipiga kwanza. Nilizika vijana wangu palepale, kwa sababu joto halikuturuhusu kuwabeba. Hii ngozi niliiweka hapa ili kila asubuhi nikumbuke alama ya watu ninaowatafuta. Nimekuwa nikiuliza mji mzima ni ya nani. Hakuna aliyeniambia. Wewe umeniambia."

Dokata alitazama alama ya ngozini, kisha ile ya pichani. Sasa alimwelewa Awil, aliyejua kwamba mtu wa ngamia ataisoma alama ile: yale macho yaliyofumbwa, na ule wizi aliouomba kama mtu anavyoomba maji.

"Meja, ni alama ya ukoo mzima. Si ya kundi. Ni wazee, wajane, watu walioko Elwak ambao hawajawahi kumwona huyu kijana. Hata mama yake hapo nje, muuza maziwa—"

"Mama yake naye?"

Dokata alifunga mdomo. Kila neno aliloongeza lilikuwa linamtaja mtu mwingine. Alitafuta njia ya kurudi nyuma, akaiona moja, nyembamba, ya aibu, akaishika.

"Nimekosea," alisema. "Nimezichanganya. Hii ya lorini ndiyo ya kale. Aliiba. Ni mwizi, Meja, ni wangu. Ulisema mwizi ni wangu."

Meja alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kofi.

"Umenionyesha kwato, Inspekta. Nimeziona kwa macho yangu. Umenifundisha ngamia vizuri mno kwa mchana mmoja. Sasa siwezi kusahau." Akafungua mlango akamwita sajini. "Huyu wa bati apande gari la mbele."

"Apelekwe kwa hakimu hata kwa—"

"Hakimu ni wa wezi."

Dokata alisimama juu ya ile ngozi. Alikuwa na cheo, na bastola kiunoni, na ukweli wote wa kesi mkononi, na hapakuwa na kimoja kati ya hivyo kilichoweza kusogeza lori lile hatua moja. Alisema atampigia simu mkuu wa polisi. Meja akamwonyesha simu ilipo. Alizungusha mpini wa simu mpaka kiganja kikamuuma. Waya ulikuwa umekatwa na shifta tangu juzi, na wote wawili walijua.

Alitoka. Awil alikuwa amekwisha kupakiwa, amekaa sakafuni mwa lori katikati ya buti za askari, mikono imefungwa nyuma. Dokata alisogea karibu kadiri alivyoruhusiwa.

"Ngamia ni mzuri," alisema, kwa sababu hakupata kingine.

"Ulimtazama," Awil akajibu. Haikuwa lawama. Ilikuwa kama daktari anayetaja ugonjwa. "Mwambie hooyo nilikunywa maziwa."

Lori likaondoka. Likapita getini, na vumbi likafunika magunia, na kivuli chembamba, na mama aliyesimama pale na birika.

Vumbi lilipotulia Qali alikuwa bado amesimama. Chai ilikuwa imemwagika yote mchangani, birika limeinama mkononi mwake kama limelala. Dokata alimwendea. Alipanga maneno njiani, na alipofika hayakuwapo.

"Amekunywa maziwa," alisema.

"Wewe ni mwongo," mama alisema, bila hasira. "Kibuyu iko hapa."

Wakakaa wote wawili kwenye kivuli. Mama aliweka kibuyu kando. Kisha akaanza, taratibu, kama anayemsimulia mtu mwingine:

"Aliponionyesha ile picha, yule ngamia alikuwa hana kitu shingoni. Alikuwa msafi. Mimi nikamcheka. Nikasema, Awil, huyu ngamia mzuri hivi, mwenyewe nani? Utamwacha hivi watu wamchukue? Akachukua brashi kidogo hivi, akamtia. Akasema, haya hooyo, sasa ni wa baba. Nilifurahi siku nzima." Alipangusa mdomo wa birika kwa shuka lake. "Ni hiyo, Afande? Niambie. Ni hiyo?"

Dokata alikuwa amehoji wauaji, na aliwahi kusema uongo mbele yao bila kupepesa. Alitazama mchanga.

Mama akatikisa kichwa, amejibiwa.

"Kitendawili," akasema.

"Mama..."

"Kitendawili!"

"Tega."

"Hali majani. Hanywi maji. Hana hata damu. Amemmeza mtoto yangu mchana, watu wote wanaangalia."

Jibu lilikuwa ofisini mwa Meja, limeegemezwa ukutani, jicho nusu limefumbwa. Dokata alilijua, na mama alijua kwamba analijua. Hakuweza kulitamka.

"Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

Aliinua macho akautazama. Alikiona kizuizi cha mtoni na mtutu wake, bendera ya kambi, na maduka yaliyokuwa yanafungwa kabla ya wakati kwa amri. Barabara ya Bura ilikuwa haina mtu. Alitafuta kona moja, nyumba moja, kivuli kimoja ambacho angeweza kusema ni chake akampa.

"Sina, mama."

"Najua." Akachukua kibuyu, akafungua kifuniko, akamsogezea. "Kunywa. Yataharibika bure."

Akanywa, kwa kuwa hilo tu ndilo lililobaki ambalo angeweza kumfanyia.